Jembe la Mama, Namba ya Baba



Nimeombwa nieleze kwa nini shamba linalosimamiwa na mwanamke mara nyingi hutoa mavuno machache kuliko shamba la ukubwa uleule linalosimamiwa na mwanamume. Swali hili limejadiliwa sana mikutanoni Nairobi, Roma na Washington. Nimefurahi kulileta hapa Tabaka, Mugirango Kusini, Kisii, kwa kuwa hapa majibu yake yako kando ya barabara na watu huyapita kila siku wakienda sokoni.

Nianze na takwimu. Mwaka 2014 Benki ya Dunia pamoja na shirika la ONE walitoa ripoti kuhusu nchi sita za Afrika: Ethiopia, Malawi, Niger, Nigeria, Tanzania na Uganda. Walilinganisha mashamba ya ukubwa unaokaribiana, katika maeneo yanayofanana, wakaona kuwa Tanzania mwanamke huvuna asilimia 23 pungufu kwa kila hekta. Uganda ni asilimia 33, na Niger ni 66. Miaka mitatu kabla ya hapo, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikuwa imesema kwamba wanawake wakulima wa nchi zinazoendelea wangepata nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa asilimia 20 hadi 30, na watu kati ya milioni 100 na 150 wangeondokana na njaa. Kenya haikuwa miongoni mwa zile nchi sita, lakini Tanzania na Uganda ni majirani tunaopakana nao. Hatuna sababu ya kudhani kwamba pengo hilo linasimama mpakani Isebania au Busia.

Sasa kuna mtu atakayesikia takwimu hizo na kusema moyoni: basi wanawake hawajui kulima vizuri. Huyo ninamwomba asikilize habari ya Vihiga. Mwaka 1976 mchumi Peter Moock alichapisha utafiti wake juu ya wakulima wa mahindi wa huko. Alitaka kujua kama mwanamke anayesimamia shamba mwenyewe ni msimamizi dhaifu. Alipolinganisha mavuno na pembejeo zilizotumika, aliona kuwa wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume hata kidogo. Kwa hesabu yake walikuwa mbele. Miaka hiyohiyo Kathleen Staudt alikuwa Kakamega akichunguza ni nani anayetembelewa na maafisa wa kilimo. Mashamba yaliyosimamiwa na wanawake yalitembelewa mara chache zaidi, na wenyewe walipata mafunzo na mikopo kwa nadra, hata pale mwanamke alipokuwa na shamba kubwa au alipokuwa ametangulia kupanda mbegu mpya. Kwa hiyo nusu karne iliyopita, katika magharibi ya nchi yetu hii, tulikwisha kuambiwa kwamba tatizo haliko katika mikono ya mwanamke. Liko katika kile kinachofika mikononi mwake.

Ni nini hasa ambacho hakifiki? Wengi wetu hufikiria mbolea na mbegu, na ni kweli vina nafasi yake. Lakini watafiti walipoichambua Tanzania na Malawi waliona jambo jingine likijitokeza: nguvukazi ya wanaume. Shamba la mwanamke lina mikono michache ya wanaume wa kulifanyia kazi. Uganda waliona zaidi mzigo wa malezi, kwamba mwanamke mwenye watoto wengi wadogo hana saa za kutosha za kukaa shambani. Kwetu Kenya, utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kazi za nyumbani na za kutunza watu, zile zisizolipwa, humchukulia mwanamke muda wa takriban mara tano ya ule wa mwanamume. Kupika, kuchota maji, kufua na kuuguza vyote hufanyika katika siku ileile ambayo shamba linasubiri.

Hapo ndipo Tabaka inapoingia. Dunia inaijua Tabaka kwa mawe ya sabuni. Sanamu ya ndege wa amani ya Elkana Ong'esa, mwana wa hapa, imesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Sahani, viboko na seti za sataranji za hapa zinauzwa Ulaya na Marekani. Lakini leo nataka tulitazame jiwe kwa jicho la mkulima, tuulize linachukua mikono ya nani, na mwezi gani.

Wanaume wako timboni. Wanachimba kwa sururu na mtaimbo, wanakata magogo ya mawe, kisha wachongaji wanakaa na panga na visu kutoa umbo. Umbo likishatoka, linakwenda kwa wanawake. Mama anaketi mbele ya karai la maji, jiwe mapajani, msasa mkononi. Anaanza na msasa mkali, analowesha, anasugua hadi alama za kisu zipotee, anabadilisha kuchukua ulio laini, kisha laini zaidi. Maji ya karai yanageuka meupe mazito kama uji. Baadaye jiwe linakaushwa, linatiwa rangi, linachorwa nakshi na kupakwa nta. Mtalii anapolishika dukani na kusema ni laini ajabu, ulaini huo ni kazi ya mama huyu. Naye hulipwa kwa kipande, na malipo ya msasa ni ya chini kuliko ya kuchonga. Chini ya sanamu, kama kuna jina, ni la mchongaji.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu linafanana mno na yanayotokea shambani, na kwa sababu karai lile na shamba vinagombania saa zilezile. Mahindi yetu ya msimu mrefu hupandwa Februari na Machi. Palizi ya kwanza inatakiwa wiki mbili au tatu baada ya kuota. Ikichelewa, magugu hula mbolea ambayo mtu ameinunua kwa shida. Ikiwa wiki hiyo kuna mzigo wa mteja unaotakiwa kusafirishwa, mama atafanya nini? Pesa ya msasa inapatikana jioni, mahindi yanavunwa Agosti. Watoto wamerudishwa nyumbani kwa karo. Atakaa kwenye karai, na palizi itasubiri. Mumewe yuko timboni au ameketi akichonga, na kwa desturi tuliyoizoea palizi ni kazi ya wanawake. Mtafiti akija Agosti na mizani yake atapima gunia zilizopungua na kuandika: shamba la mwanamke. Zile saa za msasa hazimo katika daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; nami naona kazi ya mama nayo huisha hivyohivyo.

Kuna mama mwenye hali ngumu kuliko huyo, naye ni mjane. Na kuna yule ambaye mumewe yuko Nairobi au Kericho kwa kazi. Takwimu nyingi huwaweka wote pamoja na kuwaita "familia zinazoongozwa na wanawake", lakini hawalingani. Mwenye mume Nairobi anaweza kutumiwa pesa kwa simu, akaajiri kibarua siku ya palizi. Mjane hana wa kumtumia, tena anaweza kuwa anabishana na shemeji juu ya mpaka. Anayeogopa kwamba mwakani hatakuwa na shamba hilo hatatia samadi ya kudumu miaka mitatu, hatapanda miti, hatachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Atapanda kitu cha kuvunwa upesi. Katika vilima vyetu, shamba lisilo na matuta hupoteza udongo kila mvua inaponyesha. Hofu ya mjane inaonekana katika rangi ya mto chini ya kilima.

Zamani wenyeji wa hapa, Abagusii, walikuwa na njia zao za kupata mikono. Palikuwa na risaga, ambapo mwenye kazi alialika majirani na kuwakirimu kwa pombe, wanaume kwa wanawake wakaja kufyeka na kulima. Palikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha kusaidiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Risaga imefifia. Kibarua wa kulipwa amechukua nafasi yake, na kibarua anataka pesa taslimu ambazo anayezishika si lazima awe ndiye anayelima. Egesangio bado ipo kwa sura mpya, katika vyama vya kina mama vya kuweka akiba na kukopeshana. Kwa maoni yangu hii ndiyo taasisi ya kilimo iliyo imara kuliko zote katika kata zetu, ingawa hakuna ofisi ya kilimo inayoihesabu hivyo.

Niseme sasa juu ya ardhi, kwa kuwa bila ardhi maneno yote haya hayana pa kukanyaga. Sensa ya 2019 ilikuta Kaunti ya Kisii ina watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba. Kaunti jirani ya Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Kuna familia nyingi zinazoishi kwa nusu ekari na hata robo ekari. Katika udogo huo, swali la nani anaamua ni kipi kipandwe wapi ni swali la chakula na njaa.

Mfumo wa kale wa Abagusii haukuwa wa usawa, na sitaupamba. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo tumelipoteza. Katika boma la wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake, enyomba, yenye mashamba yake na ghala lake. Mume alikuwa na shamba lake mwenyewe, emonga. Hakuruhusiwa kuchukua mali ya nyumba moja akaipa nyingine kama apendavyo. Mwanamke hakuwa mwenye ardhi, lakini mipaka ya shamba lake ilijulikana na mavuno yake yalikuwa na ghala linalojulikana.

Kisha likaja zao la biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wa Kisii na Meru kupanda kahawa kwa majaribio. Ikafuata pareto, na baada ya uhuru chai ikaenea nyanda za juu. Mazao haya yalihitaji leseni, uanachama na namba ya mkulima, na vyote viliandikwa kwa jina la mwanamume. Mashamba yalipopimwa na kuandikishwa katika miaka ya 1960 na 1970, jina la kwenye hatimiliki likawa la baba au la babu. Yale mashamba ya enyomba hayakuwa na safu katika rejista. Haki ambayo kila jirani aliijua haikuingia kwenye karatasi, na karatasi ndiyo iliyokuja kushinda.

Matokeo yake yanaonekana ukipanda juu kuelekea Nyamache, Kiamokama, au ng'ambo Nyamira. Alfajiri mama yuko kwenye chai, kapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi. Anabeba hadi kituo, kilo zinapimwa, zinaandikwa kwenye namba. Namba ni ya mumewe. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai yanakwenda kwenye akaunti ya mwenye namba. Watafiti wawili, Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, walieleza hali kama hiyo miongoni mwa wakulima wadogo wa chai Kericho: wanawake wasioona faida ya jasho lao walipunguza kazi katika chai ya waume zao, na ugomvi wa pesa ukaingia nyumbani. Wengine watauita uvivu. Mimi naona ni hesabu ya kiuchumi iliyo sahihi kabisa. Mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, huweka nguvu zake pale anapoona malipo yake. Tukitaka majani mengi zaidi kutoka kichaka kilekile, tuanze kwa kumlipa anayechuma.

Na ushahidi kwamba familia nzima hupoteza upo. Mwaka 1996 Christopher Udry alichapisha uchunguzi wake wa Burkina Faso, ambako mume na mke hulima vipande tofauti ndani ya familia moja. Vipande vya wanawake vilitoa mavuno ya chini kwa karibu asilimia 30, zao lilelile, mwaka uleule. Samadi na vibarua vilikuwa vimerundikwa kwenye vipande vya wanaume. Kama familia ingehamisha sehemu ndogo tu ya samadi ile kwenda upande wa pili, chakula cha nyumba nzima kingeongezeka bila kununua chochote. Wababa waliomo humu walifikirie hilo. Hakuna anayeombwa kupoteza kitu.

Sheria zetu zinasemaje? Katiba ya 2010, ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Rono ya mwaka 2005 ilikubali kuwa binti anarithi sawa na mvulana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataja kazi ya shambani kuwa mchango, sawa na kutunza nyumba na watoto. Haya ni mambo makubwa, na kila msichana wa kidato cha nne angepaswa kuyajua. Hata hivyo kuna shimo ambalo watu wetu hutumbukia. Sheria hiyohiyo inasema mali ambayo mtu aliirithi kabla ya kuoa au kuolewa si mali ya ndoa. Na huku Kisii ardhi nyingi ni ya kurithi. Mke aliyelima miaka ishirini katika shamba la mababu wa mumewe anaweza kudai sehemu kulingana na alivyoliendeleza, lakini lazima athibitishe. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Mama wa msasa na palizi ataonyesha nini, ikiwa risiti ya mbolea, namba ya chai na akaunti vyote vina jina jingine?

Ndiyo maana nalisisitiza suala la karatasi, ingawa najua linachosha. Uchunguzi wa Kenya Land Alliance ulichambua takriban milioni moja ya hatimiliki milioni 3.2 zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, ukakuta kwamba wanawake walipata asilimia 10.3, na kwa eneo la ardhi hawakufikia hata asilimia 2. Wala si hatimiliki tu. Serikali iliposhusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 mwaka 2022, na mwaka uliofuata hadi 2,500, mbolea hiyo ilitolewa kwa mkulima aliyeandikishwa, kwa kitambulisho na namba ya simu. Ujumbe wa kuichukua ulikwenda kwenye simu iliyoandikishwa. Ikiwa simu hiyo iko timboni au Nairobi na mama ndiye anayepanda, mbolea inachelewa, au inachukuliwa na kuuzwa njiani. Mbegu iliyopandwa bila mbolea ya kupandia haingoji mwenye simu arudi.

Jambo moja zaidi kabla sijamaliza, nalo ni la mizani. Pengo hili hupimwa sana kwa mahindi na mazao ya biashara. Lakini tembeeni nyuma ya nyumba yoyote hapa. Kuna mboga za chinsaga na managu, kuna kunde na ndizi, vyote katika kipande kimoja, vikichumwa kidogokidogo mwaka mzima. Kwa muda mrefu wataalamu waliziita mboga hizi magugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango na wenzake wamefanya kazi kubwa ya kuonyesha lishe iliyomo, na leo fungu la chinsaga linatafutwa sokoni Nairobi. Mboga hizi zilitunzwa na wanawake, mbegu zake zilihifadhiwa na wanawake. Shamba linalochumwa jioni kwa sufuria halipimiki kirahisi kwa gunia. Tukilihesabu sawasawa, naamini pengo lingepungua, nasi tungejua thamani ya kilichotulisha. Lakini nawaonya vijana: zao la mwanamke likianza kuleta pesa nzuri, mara nyingi linahamia mikononi mwa wanaume. Msikubali chinsaga ifuate njia ya chai.

Basi niseme ninachokiomba. Kwa vyama vya wachongaji: mwandikeni mpiga msasa kama mwanachama kamili, malipo yake yaende kwenye simu yake mwenyewe, na wiki za palizi ya kwanza mzigo wa wateja usipangwe kama kwamba mashamba hayapo. Kwa ofisi ya kilimo ya kaunti: afisa aende kwenye mkutano wa chama cha kina mama, siku na saa wanayokutana wao, akafundishe pale. Kwa wazee: kesi za mirathi za baba zenu waliofariki zikamilisheni mngali hai, majina ya wajane na mabinti yakiwemo, maana shamba lililobaki kwa jina la marehemu halimsaidii yeyote kukopa. Kwa wababa wenzangu: palizi si ya wanawake. Wiki mbili za mikono yenu mwezi Machi zina uzito kuliko mfuko wa mbolea.

Na kwa wote wawili, mume na mke: chifu atakapoita tena uandikishaji wa wakulima, msimtume mmoja. Nendeni pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake na namba yake ya simu, na kila kipande kiandikwe kwa jina la anayekilima.